Huko Kwenye Baridi Hakuna Kiu

Naro Moru
Jumapili, 19 Januari 2025

Shangazi yangu Kibibi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa na wateja wa kofia hawajakumaliza kwa maneno. Mimi ni mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu unazozijua: simu huisikii, na ujumbe ukiingia kwenye simu yako Afiya huusoma kabla yako, na mama huwa ameshaupata kabla Afiya hajafika mwisho. Dada yangu namjua. Barua nampa dereva wa kampuni, ataitia kwenye basi la Malindi. Mama mwambie nala vizuri, asije akapandisha presha bure.

Kazi nimepata, alhamdulillahi. Napikia Waitaliano wanaopanda Mlima Kenya. Kampuni ilikuwa inatafuta mpishi anayejua tambi zao na lugha yao, na nani anayajua hayo mawili kama si mtoto wa Malindi? Tangu hoteli yetu ifungwe nilikuwa nimekaa miezi saba nikihesabu mabati ya dari. Sasa nina koti la kampuni lenye jina langu kifuani.

Kuna jambo moja, nalo ni letu sisi wawili. Mwajiri aliniuliza kama nimewahi kupanda mlima. Nikasema mara tatu. Shangazi, mahali pa juu nilipowahi kufika ni ghorofa ya pili ya hoteli, na siku ile lifti ilikuwa inafanya kazi.

Juma lililopita nimepanda mara ya kwanza. Kambi ya juu ni mawe matupu na barafu pembeni. Maji yanachemka lakini hayana moto. Tambi za dakika kumi zinachukua ishirini na bado kiini ni kigumu. Kichwa kiliuma kidogo. Nikilala pumzi inakatika, halafu naamka naitafuta kama mtu aliyeshikwa koo. Nilisoma Ayatul Kursi nikidhani ni jinamizi. Si kitu, ni ugeni tu.

Mama asijue.

Mwanao,
Amjad


Mambrui
Alhamisi, 30 Januari 2025

Amjad mwanangu,

Marahaba. Barua yako imelala siku nne kwenye ofisi ya mabasi. Hakuna aliyeona haja ya kunipigia, na wangenipigia nisingesikia, kwa hiyo siwalaumu sana. Mama yako hajambo, presha imetulia kidogo. Afiya ameposwa na fundi wa mafriji wa pale Malindi, mtu mpole, nadhani hajamsikia Afiya akiongea kwa muda mrefu. Jua la kaskazi linatuunguza. Nina kofia nne za kudarizi za watu wa Idi na macho hayataki tena vitundu vidogo.

Sasa tuseme ya kweli. "Kichwa kiliuma kidogo." Ebo! Nani alikulea mama yako alipokuwa hospitali? Ulipovunjika mkono ukiwa na miaka tisa ulikuja ukaniambia umechoka kidogo, na mfupa umesimama. Hicho kidogo chako nakijua, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kinauma vipi? Wapi? Kinaanza saa ngapi? Na hiyo pumzi inayokatika sikuipenda hata kidogo, nimeisoma mara mbili na roho yangu imekaa juu juu tangu hapo.

Jambo la pili. Shaaban hii inaandama, ikiisha ni Ramadhani. Una siku saba za Ramadhani iliyopita ulipolala na malaria. Umelipa ngapi? Usiniambie utalipa. Baba yako

Basi. Lipa tu, mwanangu, mwezi haujafika. Na wewe umepata bahati: sisi huku saa nne ya asubuhi koo limeshakauka, wewe uko kwenye baridi, huna jua, huna jasho. Huko kwenye baridi hakuna kiu. Saumu ya huko ni kama kupewa.

Nakuandikia nimefunga, ndiyo maana maandishi yamelala. Nimekutumia sweta la mtumba, zito, la rangi mbaya. Livae.

Shangazi yako,
Kibibi


Naro Moru
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo tena. Sweta limefika. Rangi ni mbaya kweli, lakini usiku nalishukuru. Mpe hongera Afiya, na huyo fundi mpe pole.

Nawe unafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka lini? Nelly wa zahanati si alikwambia damu yako ni chache? Alinieleza mwenyewe kabla sijaondoka, akasema nikuonye, muuguzi mzima ananiomba mimi. Na uliandika "Baba yako" ukakata hapo hapo. Baba yangu marehemu alifanya nini?

Umeniuliza kichwa, nitakujibu kwa sababu ni wewe. Juzi nimeshuka kutoka safari ya pili. Kichwa kilianza mapema kuliko mara ya kwanza, hapa kisogoni, kinagonga na kila hatua. Nilitapika nyuma ya hema nikafukia kwa mawe wasione. Tuna kiongozi wa msafara anaitwa Adhiambo, mwanamke wa Kisumu, mfupi, hana mchezo. Kila asubuhi anamuuliza kila mtu: kichwa? tumbo? umelala? Mimi husema salama. Safari hii akaniuliza zile mara tatu za zamani nilipita njia gani. Nikajifanya sukari imemwagika, nikainama kuizoa.

Naogopa, Shangazi. Nakwambia wewe tu. Naogopa ule mlima. Nikiuona asubuhi dirishani nashusha pazia. Lakini naogopa zaidi kurudi Malindi na koti la watu nimenyang'anywa, nikae tena chini ya mabati yale mama akinitazama. Nikimwambia Adhiambo naumwa, atajua nimedanganya, na mpishi muongo hawampi wageni wao.

Habari njema ni hii. Huko juu hamu ya chakula imenitoka kabisa. Harufu ya kitunguu tu nataka kukimbia. Na ulivyosema ni kweli, kiu hakuna. Nakaa tangu alfajiri mpaka jioni bila kukumbuka maji. Nimeona Mungu ananirahisishia. Jumatatu tarehe 17 napanda na wageni sita kwa siku tano. Nitafunga hukohuko siku zote tano, mbili nitamalizia nikishuka. Najua msafiri ana ruhusa, lakini wewe umenishika shingo tangu mwezi wa kwanza, na mimi nataka ulale usingizi.

Mwanao,
Amjad


Mambrui
Jumamosi, 15 Februari 2025

Amjad, usifunge.

Salamu baadaye. Usifunge, usifunge, wewe ni msafiri na sasa ni mgonjwa pia.

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale ofisini, nikapanda tuktuk moja kwa moja mpaka kwa Nelly. Nilimsomea ile sehemu ya kichwa na matapishi uliyoyafukia. Amjad, alikuwa amekaa, akasimama. Anasema huko juu hewa ni nyembamba na mtu anapoteza maji kwa pumzi tu, bila jasho, wala hahisi. Anasema kukosa hamu ya chakula si Mungu anakurahisishia. Ndio ugonjwa wenyewe. Unaanza hivyo hivyo, kichwa, matapishi, usingizi wa kukatika, na mtu akiendelea kupanda unaingia kwenye ubongo au kwenye mapafu, na hapo anaweza kufa kwa siku moja. Nilimwambia aseme tena, nikidhani masikio yangu. Akasema tena.

Kichwa kikiuma usipande hata hatua. Ukianza kuyumba, kukohoa, kusahau, shuka, hata kama ni saa ngapi, hata kama chungu kiko motoni. Mwambie huyo Adhiambo kila kitu. Acha wakunyang'anye koti!

Mimi ndiye niliyekwambia hakuna kiu. Nani aliniuliza? Nimezaliwa hapa, sijawahi kuona baridi ila ya friji, nikakaa na sindano yangu nikakufundisha mlima. Ya Rabbi nisamehe.

Nelly amekupigia mara tatu, simu haipatikani. Afiya sikumwambia. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, nimemwapisha.

Shangazi


Mambrui
Jumatatu, 24 Februari 2025

Amjad,

Ulisema siku tano. Tarehe 21 ulikuwa ushuke. Leo ni 24.

Nelly amekupigia mpaka sasa akiniona anajificha chumba cha dawa. Ofisi ya mabasi wakiniona nakuja wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Mama yako ameuliza jana mbona kimya, nikasema umeandika, u mzima, wapika tambi. Nimemdanganya mwanamke wa presha usoni, na Afiya amenitazama, nadhani ameshanijua.

Leo Jumatatu sikufunga. Nilijaribu. Nilipofika saa tatu nikaona maji kwenye mtungi nikakukumbuka, nikanywa vikombe viwili nikilia. Sindano nimeiweka tangu Ijumaa. Kila gari likipunguza mwendo hapa nje natoka mlangoni, halafu linapita.

Ikiwa una hasira na mimi, andika hasira. Tukana. Andika neno moja, hata jina lako tu.

Kuna jambo la baba yako nililoliacha kwenye barua ya kwanza. Nimelificha miaka mitatu. Ukinijibu nitakwambia lote.

Kibibi


Nyeri
Jumatano, 26 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu barua zako mbili ameniletea dereva leo kwa pamoja, na ya pili nimeshindwa kuimaliza mara ya kwanza. Sina hasira na wewe. Simu ilibaki mlimani, na namba zenu zote zimo humo. Maandishi ni mabaya kwa sababu mkono bado unapotea njia, daktari anasema utarudi.

Niko hospitali. Nitakueleza kama nilivyokumbuka na kama nilivyoelezwa, maana sehemu nyingine sikuwepo.

Nilifunga Jumatatu, nikafunga Jumanne. Futari nilikuwa napiga kikombe cha chai na kijiko cha wali, zaidi ya hapo haishuki. Jumanne tulifika kambi ya juu, kichwa kinagonga mpaka macho yanaona cheche. Jumatano nikaamka nimefunga tena. Nilianza kukohoa, nikasema ni moshi wa jiko. Mchana mgeni mmoja akaniomba chumvi. Shangazi, nilisahau jina la chumvi. Kitaliano nimekisema tangu nina miaka kumi na tano, na chumvi ni kazi yangu, nikasimama pale mdomo wazi. Nikaanza kuwasemesha kwa Kiswahili wakacheka, wakidhani ni mzaha. Baadaye Adhiambo akanikuta nakoroga chungu cha tambi, na jiko halijawashwa.

Alilaza kamba chini kwenye mawe akaniambia nitembee juu yake, kisigino kiguse kidole, hatua kumi. Nikamwambia hilo ni jambo la watoto. Hatua ya tatu nikaanguka kama mlevi. Nikasimama, nikaanguka tena upande ule ule. Wageni waliacha kucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu mimi ndani yangu nilijiona nimenyooka.

Akaniletea maji na vidonge. Nikafunga meno. Jua lilikuwa bado juu ya ukingo wa mlima, nikamwonyesha kwa kidole. Barua yako ya mwezi wa kwanza ilikuwa mfukoni, nikaitoa nikamwambia zimebaki dakika ishirini, shangazi yangu anazijua siku zangu, siwezi kuiharibu hii kwa dakika ishirini. Adhiambo akasema, "Shangazi yako anakutaka hai au anakutaka umefunga?" Nikasema vyote. Akanibana pua na vidole viwili kama mtoto anayenyweshwa dawa, akasema, "Andika dhambi hiyo kwangu. Nikiulizwa nitajibu mimi." Akamimina. Maji yaliingia, nikalia, Shangazi, si kwa kuumwa. Nililia kwa sababu yalikuwa matamu na nilikuwa sijui nina kiu kiasi kile.

Akanidunga sindano ya pajani. Walinishusha kwa muda wa saa nne kwa tochi, watu wawili wameninyanyua kwapani, na kila nilipokohoa lilitoka povu la rangi ya waridi. Daktari anasema ningelala kule juu wasingeniamsha.

Adhiambo alikuja jana kunitazama. Nilimwambia yote, zile mara tatu za uongo na matapishi niliyoyafukia. Alikasirika mpaka akatoka nje, akarudi. Anasema si saumu peke yake iliyokaribia kuniua, ni ukimya wangu pia. Anasema ningemwambia Januari kwamba ni mgeni angenipandisha polepole, siku moja ya kupumzika katikati, kama anavyowafanyia wageni wote wasiojua. "Hao wanaouliza maswali ya kijinga ndio huwa wanashuka kwa miguu yao," akasema.

Koti hawakuninyang'anya. Kampuni wanasema kuna kundi la Julai nikitaka, na safari hii nitapanda kama mgeni anavyopanda. Sijawajibu. Nikifumba macho naiona ile kamba chini. Nataka kazi, na naogopa, na sijui kipi ni kikubwa.

Ile saumu ya tatu najua imevunjika. Nimelipa mbili, zimebaki tano.

Niambie la baba.

Mwanao,
Amjad


Mambrui
Alhamisi, 6 Machi 2025

Amjad, roho yangu,

Marahaba mara elfu. Ramadhani imetukuta salama. Mama yako ameshajua yote, Afiya alifungua barua yako kabla yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikumgombeza. Mama yako alinitazama akasema, "Wifi, wewe ulikuwa unajua." Nikasema nilijua. Hajanisemesha mpaka jana, jana amenipa uji. Presha haikupanda. Tulikuwa tunamficha bure mwanamke mwenye moyo kuliko sisi wote.

Huyo Adhiambo mwambie Kibibi wa Mambrui anamsalimu, na kofia ya vito, ya vitundu vya sindano, nzuri kuliko zote nne nimemwekea yeye. Hazivaliwi na wanawake, najua. Atajua mwenyewe pa kuiweka.

Sasa baba yako. Keti vizuri.

Baba yako alikuwa mpishi kama wewe, miaka ishirini kwenye mahoteli. Mchana wa Ramadhani yuko juu ya chungu cha wageni, anaonja. Mwanzo alikuwa anatema. Halafu akaacha kutema, halafu akawa anakula kabisa, nyuma, kwenye stoo ya unga, jioni anakuja anakaa na sisi kwenye futari na kupokea tende kama mtu aliyefunga. Kila mwaka akijiambia atalipa. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho alinishika mkono akasema, "Kibibi, nina Ramadhani tatu. Siku tisini." Kaka yangu, mtu aliyekuwa akicheka na kila mtu, nilimwona ameogopa kama mtoto, na katika hali hiyo akafa.

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa nikamuuliza bila kutaja jina. Akasema maiti akiwa na siku, jamaa yake anaweza kumfungia. Nikaanza. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, na damu yangu ikishuka Nelly hunisimamisha miezi, halafu naanza tena. Sikumwambia mama yako, sikukwambia wewe, nilitaka jina lake lilale safi. Nimefika siku themanini na moja.

Kwa hiyo ukaenda kuwa mpishi, mlimani, na siku saba shingoni. Nilikuona wewe na nikamwona yeye. Nilishikwa na woga wa maiti wa pili, nikakusukuma, na woga wangu ndio uliokusukuma mpaka kwenye ile kamba. Hilo nitalibeba, usijaribu kunipunguzia kwa maneno matamu.

Julai sitakwambia nenda wala usiende. Ukipanda, panda polepole, uliza maswali ya kijinga, na kila asubuhi ukiulizwa kichwa, sema kichwa. Ukirudi nyumbani, mabati ni yale yale na hakuna atakayekuhesabia.

Ramadhani hii usifunge. Wewe ni mgonjwa, daktari ndiye atakayekwambia lini. Tano zako na thelathini za mwezi huu ni thelathini na tano. Ziache ziwe thelathini na tano. Utazilipa mwenyewe, moja moja, hapa chini, miaka ipo.

Maana juzi nilirudi kwa mwalimu. Nilimuuliza kama naweza kukufungia zile tano, nikuondolee. Akasema hapana, mtu aliye hai hafungiwi na mtu. Anayefungiwa ni maiti peke yake. Nimetoka pale nikicheka barabarani peke yangu, watu wakinishangaa.

Nimefunga siku themanini na moja za maiti, Amjad. Yako sitaki hata moja. Kunywa maji.

Shangazi yako,
Kibibi